Kabla ya kufomati flashi, someni namba yake

Mhariri,

Ushauri kuhusu flashi, printa na modemu zinazogoma kwenye kompyuta umekuwa mmoja kila mahali, magazetini hadi vibandani: fomati, yaani futa yote na uiandae upya; ikishindikana weka upya draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa; ikishindikana tena piga Windows mpya. Watu wanapoteza picha za harusi na hesabu za duka kwa ushauri huo, na mara nyingi kufomati hakukuwa na uhusiano wowote na tatizo lenyewe. Naomba nafasi nieleze jinsi mfumo endeshi (Windows, Linux au wa Mac) unavyokitambua kifaa cha USB. Mwenye kuujua mpangilio huo hufahamu mapema kama anahitaji waya mpya, umeme wa kutosha, draiva, au kweli kufomati.

Kompyuta haina macho ya kukitazama kifaa ikajua kwamba hii ni flashi na ile ni printa. Kifaa hujieleza chenyewe, nayo huamini inachoambiwa. Maelezo hayo hutolewa hatua kwa hatua, na kila hatua hufeli kwa namna yake.

Hatua ya kwanza ni ya umeme tu. Kichwa cha kawaida cha USB 2.0 kina pini nne: volti 5, graundi (waya wa sifuri), na nyaya mbili za data zinazoitwa D+ na D−. Upande wa kompyuta, kila waya wa data umeunganishwa na graundi kwa rezista ya omu 15,000, kwa hiyo poti (tundu la kuchomekea) ikiwa tupu husoma sifuri kote kuwili. Kifaa kinapochomekwa, rezista yake ya omu 1,500 huvuta waya mmoja juu hadi karibu volti 3.3. Ukipanda D−, kompyuta hujua imepata kifaa cha mwendo mdogo, megabiti 1.5 kwa sekunde, kama zilivyo kibodi na vipanya vingi. Ukipanda D+, ni cha megabiti 12. Flashi ya megabiti 480 nayo huanza kwa kujitangaza kuwa ya megabiti 12, kisha hukubaliana na kompyuta kupandisha mwendo wakati poti inaporisetiwa, yaani inapoanzishwa upya.

Tazama basi kinachotokea kwa zile nyaya nyembamba za kuchajia zinazouzwa rahisi. Ndani zina volti 5 na graundi pekee. D+ na D− hazimo. Simu itachaji, alama ya betri itaonekana, na kompyuta itabaki kimya kwa sababu hakuna waya uliovutwa. Hata draiva ipakuliwe mara kumi, ukimya utakuwa uleule. Taa ya flashi kuwaka nayo haithibitishi kitu, maana taa inahitaji volti 5 tu.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa kwenye Windows, liache dirisha lake likiwa wazi, kisha chomeka na chomoa kifaa. Kama orodha haitikisiki hata kidogo, tatizo liko kwenye waya, poti au kichwa cha kifaa. Kwenye Linux andika dmesg -w kwenye dirisha la amri, chomeka, na utazame kama mstari wowote mpya unatokea. Kwenye matoleo mengi ya sasa utahitaji kutanguliza sudo, neno la kuomba ruhusa ya msimamizi. Miji ya pwani ina adui wa ziada: hewa ya chumvi hushika pini zikafanya ukungu wa kijani. Pamba iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili huutoa, kompyuta ikiwa imezimwa. Petroli na mafuta ya taa yasikaribie hapo. Kwa flashi zilizowahi kukanyagwa au kupindwa zikiwa kwenye poti ya kompyuta, angalia lehemu za pini nne pale kichwa kinapokutana na bodi. Mara nyingi moja imepasuka, na fundi mwenye pasi ya kulehemu huirudisha kwa dakika chache, mafaili yote yakiwa salama.

Hatua ya pili ndiyo inayobeba utambuzi wenyewe. Kompyuta ikishaona waya umevutwa, husubiri angalau milisekunde 100 ili mchomeko utulie, kisha huiriseti poti. Kifaa kilichotoka kurisetiwa huitikia kwenye anwani namba 0, na kwa wakati mmoja kinaruhusiwa kuwepo kimoja tu kwenye anwani hiyo. Hapo kinaulizwa ni nani. Jibu lake ni jedwali fupi la baiti 18. Kompyuta hukipa anwani yake ya kudumu kwa kipindi kile, kati ya 1 na 127, halafu hulisoma jedwali lote. Windows huomba kwanza baiti 64, ikapata vipimo vya mazungumzo, ikariseti, ndipo ikatoa anwani. Linux inaujua mtindo huo na pia mtindo wa zamani wa kutoa anwani kwanza, na mmoja ukishindwa hujaribu wa pili. Hiyo ni sababu mojawapo ya kifaa chakavu kusomeka kwenye Linux baada ya kukataliwa na Windows.

Ndani ya jedwali, baiti ya 9 na ya 10 ni namba ya mtengenezaji, na ya 11 na 12 ni namba ya bidhaa. Huandikwa kwa tarakimu nne nne zinazotumia 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Namba za watengenezaji hugawiwa na USB Implementers Forum ya Marekani: SanDisk ni 0781, Kingston 0951, Samsung 04e8, Apple 05ac, HP 03f0, Epson 04b8, Canon 04a9, Logitech 046d. Namba ya bidhaa hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo 0781:5567 ni flashi ya SanDisk iitwayo Cruzer Blade, iwe imechomekwa Mombasa au Muscat, kwenye Windows au Mac.

Hatua hii ikifeli, Windows huonyesha maneno “Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)” pamoja na Code 43. Wengi wakiliona neno la kutojulikana hukimbilia kutafuta draiva. Lakini bofya mara mbili kwenye mstari huo, ingia Details, chagua Hardware Ids, ambako VID ni namba ya mtengenezaji na PID ni ya bidhaa. Ukikuta VID_0000&PID_0002, namba hiyo imebandikwa na Windows yenyewe kwa sababu kifaa hakikuweza kutamka jina lake. Draiva hutafutwa kwa namba; pasipo namba, draiva ya nini? Ukikuta Code 43 lakini namba halisi ya mtengenezaji ipo, hapo mambo ni mengine kabisa: kifaa kilijitambulisha vizuri, kikaharibikiwa baadaye, na draiva inaweza kuhusika. Namba ya kosa ni ileile, matibabu mawili tofauti.

Kwenye Linux utaona “device descriptor read/64, error -71” au “error -110”. Ya kwanza ina maana kwamba majibu yalikuja yamevurugika. Ya pili, kwamba muda ulikwisha bila jibu. Zote mbili humpeleka fundi kwenye vitu vinavyoshikika. Hamisha kifaa kutoka poti za mbele za kompyuta ya mezani kwenda za nyuma, kwa kuwa za mbele hupitia waya mrefu wa ndani ambao mara nyingi ni hafifu. Tumia waya mfupi. Ondoa habu (kigawanyaji cha poti) na viungio vyote vya katikati. Jaribu kompyuta nyingine kabla hujakilaumu kifaa, na kifaa kingine kabla hujailaumu poti. Kama flashi inatoa ujumbe uleule kwenye kompyuta tatu, chipu yake ya udhibiti au kristali ya saa imekwisha, na kilichobaki ni kuamua kama yaliyomo yana thamani ya kulipia mtaalamu wa kuokoa data.

Umeme nao unaingia hapa. Kifaa cha USB 2.0 kinaruhusiwa kutumia miliampea 100 tu hadi kompyuta iukubali mpangilio wake, na baada ya hapo kisizidi 500. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, iliongeza viwango hivyo kuwa 150 na 900. Kifaa cha USB 2.0 hutaja mahitaji yake katika maelezo ya mpangilio kwa namba inayozidishwa mara mbili, kwa hiyo 250 ni miliampea 500. Habu isiyo na chaja yake hugawa 100 tu kwa kila poti, na Linux husema waziwazi “insufficient available bus power” na kukataa mpangilio. Tatizo ni vifaa visivyosema kweli. Diski ya nje inapoanza kuzunguka, inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko ilioutaja. Volti hushuka, kifaa hujiriseti, kompyuta hukiona kimetoka na kuingia tena, na mtumiaji husikia mlio wa kuchomeka ukijirudia huku diski ikigonga “tik, tik”. Dawa yake ni habu yenye chaja au waya wa Y wenye vichwa viwili. Ukiifomati diski katika hali hiyo unaweza kuiharibu, kwani umeme utakatika katikati ya kuandika.

Jina likishapatikana, ndipo zamu ya draiva inapofika. Windows hutengeneza maandishi kutokana na zile namba, kwa mfano USB\VID_0781&PID_5567&REV_0100, kisha yaleyale bila toleo, kisha maandishi ya kundi: USB\Class_08&SubClass_06&Prot_50. Huyatafuta kwenye mafaili yake ya INF, yanayoeleza draiva ipi ni ya kifaa kipi, kwa mpangilio huo, mahususi kwanza, ya jumla baadaye. Flashi ya kampuni isiyosikika popote hufanya kazi bila CD kwa sababu inajiweka kwenye kundi 08, la hifadhi, ambalo draiva yake imo ndani ya kila mfumo endeshi. Kundi 03 ni kibodi, vipanya na skana nyingi za bakodi, ambazo hujitangaza kuwa kibodi na kuchapa namba ya bidhaa kama vile mtu anachapa. Sauti ni 01, printa 07, habu 09, kamera za video 0e. Kundi ff maana yake mtengenezaji ana lugha yake binafsi, na hapo ndipo draiva yake inahitajika kweli. Windows itaandika Code 28. Chukua zile tarakimu nane za mtengenezaji na bidhaa, zitafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji husika, na usiziguse zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mpigo.

Kwenye Linux namba husomwa kwa amri moja, lsusb. Kwenye Mac, ingia System Information, sehemu ya USB. Kwenye Windows 11 na Windows 10 za karibuni, amri pnputil /enum-devices /connected huorodhesha vyote kwa maandishi unayoweza kumtumia fundi. Tahadhari moja: jina ambalo lsusb huonyesha pembeni ya namba mara nyingi linatoka kwenye faili la orodha liitwalo usb.ids lililomo ndani ya kompyuta yako, halikutamkwa na kifaa. Namba inaweza kuazimwa na kiwanda cha bandia, na jina zuri likafuata bila hatia.

Uazimaji huo ulizua kisa ambacho wenye mizani, printa za risiti na mitambo ya sola wanapaswa kukifahamu, kwa kuwa vifaa vyao vingi huongea kwa waya wa kugeuza USB kuwa mawasiliano ya mfululizo (serial), yale ya poti ambazo Windows huziita COM. Ndani ya waya huo mna chipu, na chipu zenyewe ni chache: 0403:6001 ni ya FTDI ya Uingereza, 067b:2303 ya Prolific ya Taiwan, 10c4:ea60 ya Silicon Labs, 1a86:7523 ni CH340 ya China. Viwanda vya bandia vilinakili chipu ya FTDI pamoja na namba yake. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI, iliyosambazwa kupitia Windows Update, ilianza kuziandika chipu za bandia namba ya bidhaa 0000. Waya uliokuwa ukifanya kazi jana ukawa 0403:0000, na Windows haikuwa na draiva ya kifaa hicho. Kelele zilikuwa nyingi na draiva ile ikaondolewa. Wasimamizi wa Linux wao waliiongeza namba 0000 kwenye draiva yao, nyaya zikaendelea. Prolific ilichagua njia nyingine: draiva zake mpya huzikataa chipu za kizazi cha zamani, za kweli na za bandia, na mtumiaji huona Code 10 pamoja na maelezo kwamba chipu hiyo imeondolewa sokoni tangu 2012. Kwa maoni yangu waliumia wasiostahili. Mwenye duka la rejareja hawezi kujua chipu iliyofichwa ndani ya plastiki ya kichwa cha waya. Anachoweza ni kuomba waya uchomekwe kwanza dukani, namba isomwe, na mizani ijaribiwe kwenye Windows ileile anayoitumia kazini.

Modemu za intaneti zilizouzwa kwa wingi Afrika Mashariki zina kituko chao: kifaa kimoja, majina mawili. Modemu nyingi za Huawei zinapochomekwa hujitambulisha kama 12d1:1446, yaani CD yenye programu ya kusakinisha. Draiva ikishakuwepo, kompyuta huituma amri maalumu, modemu inajichomoa kielektroniki bila mkono wa mtu, kisha inarudi kama modemu kwa namba nyingine, kwa mfano 12d1:1001. Kama inabaki CD milele, amri ya kugeuza haijatumwa. Windows huhitaji ile programu iliyomo ndani ya modemu; Linux huhitaji kifurushi cha usb_modeswitch. Simu za Android hufanya jambo linalofanana: namba ya bidhaa hubadilika kulingana na ulichochagua kwenye arifa ya USB. Simu iliyo kwenye hali ya kuchaji tu haiwezi kutoa picha hata waya ukiwa mzima. Ifungue kwa nywila, shusha arifa, chagua kuhamisha mafaili.

Kuna suala jingine linalowasumbua watu wa ofisi kuliko linavyoandikwa. Jedwali la baiti 18 lina nafasi ya kuelekeza kwenye namba ya kiwandani (serial number), ile ya pekee kwa kila kifaa. Flashi zinatakiwa kuwa nayo, yenye angalau tarakimu 12. Printa za bei nafuu na nyaya za COM mara nyingi hazina. Kifaa chenye namba hiyo, Windows hukikumbuka popote kitakapochomekwa. Kisicho nayo hukumbukwa kwa poti yake. Kihamishe poti, nacho kinahesabiwa kuwa kipya: printa ya risiti inaonekana mara ya pili ikiwa na “Copy 1” mwishoni mwa jina lake, mizani inahama kutoka COM3 kwenda COM7, na programu ya mauzo inasema haioni kitu. Utakitambua kifaa cha namna hiyo kwa kufungua Details na kuchagua Device instance path; baada ya alama ya mwisho ya mkwaju, ukiona tarakimu moja ikifuatwa na &, sehemu hiyo imetungwa na Windows. Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kubandika karatasi kwenye poti na kuandika “mizani”, “printa”. Kama mambo yameshavurugika, ingia Device Manager, menyu ya View, onyesha vifaa vilivyofichwa, ondoa vile vya kijivu ambavyo havipo tena, kisha kwenye Port Settings, Advanced, irudishe COM3. Linux ina njia mbili zilizo tayari, /dev/serial/by-id kwa vyenye namba ya kiwandani na /dev/serial/by-path kwa visivyo nayo. Programu iunganishwe na mojawapo ya hizo badala ya ttyUSB0, ambayo hutegemea nani kawahi kuchomekwa.

Sasa turudi kwenye ile imani ya kompyuta, kwa sababu ina gharama. Flashi ikishatambuliwa huulizwa ukubwa wake, na jibu linaandikwa kwenye chipu ya udhibiti. Kiwanda cha bandia huchukua chipu yenye gigabaiti 32, huiagiza iseme terabaiti 2, na Windows itaonyesha terabaiti 2 bila wasiwasi wowote. Mafaili ya mwanzo yatakaa salama. Yakizidi ukubwa wa kweli, mapya hufuta ya zamani au huangukia mahali pasipokuwepo. Majina yanaonekana kwenye orodha, ukifungua unakuta takataka. Kufomati hapa ni kupoteza muda, kwani hata baada ya kufomatiwa flashi itaendelea kudai ukubwa uleule. Kipimo ni kuijaza yote na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia H2testw. Kwenye Linux au Mac tumia f3write halafu f3read, ukielekeza kwenye folda ya flashi ikiwa tupu. Flashi kubwa ya USB 2.0 huchukua saa nyingi kupimwa, iache usiku. Ikionekana ni ya uongo na muuzaji hayupo tena, programu ya f3fix kwenye Linux huweza kuikata ibaki na sehemu iliyo ya kweli, ingawa mafaili ya maana nisingeyaweka humo.

Gharama ya pili ni ya usalama. Agosti 2014, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat huko Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell wa SR Labs ya Berlin walionyesha kwamba programu iliyomo ndani ya chipu ya flashi inaweza kuandikwa upya ili flashi ijitangaze kuwa kibodi. Kwa kawaida kompyuta haimuulizi mtumiaji kama ameridhia kibodi mpya. Inakubali, na “kibodi” inaanza kuchapa amri kwa kasi isiyowezekana kwa vidole. Antivirasi hukagua mafaili na haina cha kukagua hapo. Ukichomeka flashi na Device Manager ikaongeza HID Keyboard Device, ichomoe papo hapo. Linux ina USBGuard, inayozuia kifaa kipya mpaka mwenye kompyuta akikubali. Orodhesha kwanza kibodi na kipanya chako mwenyewe, la sivyo utajifungia nje. Ofisi nyingi hutumia sera za Windows kuruhusu flashi za namba fulani tu. Hilo huzuia mfanyakazi aliyeleta flashi ya nyumbani, si mtu aliyekusudia, maana tarakimu zile nane huandikwa na yeyote mwenye chipu ya shilingi chache.

Kufomati kuna mahali pake, napo ni mwisho kabisa wa mnyororo: kifaa kimejitambulisha kwa namba yake halisi, draiva imekaa, ukubwa unaoonyeshwa kwenye Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, ni sahihi, ila yaliyomo hayafunguki. Hata hapo kuna vituo viwili. Kama sehemu ya diski ipo na ni nzima lakini haina herufi (kama E:), bofya kulia na uipe herufi tu. Mafaili yatarudi yote. Kama imeandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mpangilio wa mafaili yake, okoa kwanza kwa programu ya TestDisk au PhotoRec, ukihifadhi kwenye diski nyingine, kisha ufomati. Na kama Disk Management inaonyesha “No Media” au ukubwa wa sifuri, au flashi iliyokuwa na jina la kampuni sasa inajiita kwa jina la kiwanda cha chipu, kidhibiti kimepoteza mawasiliano na kumbukumbu yake. Kitufe cha kufomati kitaleta kosa tu, na kukibonyeza mara nyingi hakuongezi nafasi ya kuokoa chochote.

Ombi langu kwa ukurasa wenu wa teknolojia ni dogo. Msomaji anapouliza kwa nini kifaa chake hakisomeki, mwambieni alete vitu vitatu pamoja na swali: zile tarakimu nane kutoka Hardware Ids au lsusb, namba ya kosa (Code) iliyoandikwa kwenye Device Manager, na kama kifaa kimejaribiwa kwa waya mwingine kwenye kompyuta nyingine. Majibu yenu yatakuwa mafupi zaidi.

Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam